Mahimbo na Bukini Wageni wa Mateteni

Jamani, niwape?

Tupe.

Niwape ya leo au niwape ya zamani?

Tupe ya zamani, ya leo tutaikuta humo humo.

Haya, sogeeni. Hapo zamani, zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kikiitwa Mateteni. Kilikaa kando ya bwawa kubwa lililojaa matete, na watu wake walilima mpunga.

Katika bwawa lile waliishi bata mwitu wengi. Hao walikuwa wenyeji. Walizaliwa pale, wakatotoa pale, wakazeekea pale. Mvua za vuli zikianza, wawindaji wa Mateteni waliruhusiwa kuwawinda kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, pinde zinatundikwa.

Lakini vuli hiyo hiyo walikuja na wengine. Walitoka mbali, kaskazini, nchi ambayo hakuna mtu wa Mateteni aliyewahi kuiona. Hao walikuwa bata bukini. Walifika wamechoka, wamekonda, wakatua mashambani na kuanza kula ndago.

Mnaijua ndago? Ni gugu baya sana. Unalikata leo, kesho limeota. Unalichimba, linaacha viazi vyake vidogo chini, na kila kiazi kinazaa watoto. Bukini waliipenda ndago. Waliichimbua kwa midomo, wakala jani, wakala mzizi, wakala na viazi. Walipoondoka wakiwa wameshiba, mashamba yalikuwa meupe, na watu walisia mpunga wao bila kuvunjika mgongo.

Kwa hiyo Mateteni wakaweka sheria moja. Bata wa bwawa anawindwa. Bukini ni mgeni, hawindwi.

Kuisema sheria hiyo ni rahisi. Kuifuata ni kazi. Alfajiri, ndani ya ukungu, bata wa bwawa na bukini wanafanana kama maharage ya chungu kimoja.

Sasa, pale kijijini palikuwa na mwindaji jina lake Mahimbo. Shabaha yake ilisifiwa na kila mtu. Angeweza kumpiga mbu jichoni, kama mbu angekubali kutulia. Lakini Mahimbo alikuwa na haraka. Uji hakuusubiri upoe, akaungua ulimi kila asubuhi. Ukianza kumwelekeza njia, ameshaondoka, nawe bado unanyoosha kidole.

Mke wake aliitwa Sikujua, ila alijua mengi. Tangu utoto wake alikaa dunguni, kile kichanja cha shambani, akiamia ndege wasile mpunga. Hapakuwa na ndege asiyemfahamu kwa sauti na kwa tabia.

Siku ya kwanza ya uwindaji, Mahimbo alichukua upinde. Sikujua akamwambia, "Mume wangu, mwaka huu bukini wamewahi. Wamechanganyika na bata. Kaa kidogo nikuonyeshe namna ya kuwatofautisha. Ni mambo matatu."

"Sema upesi," Mahimbo akasema.

"La kwanza ni sikio. Bata wa bwawa anapiga mluzi, fyuu, fyuu. Bukini anaita kwa koo, ngaa, ngaa."

"Nimeelewa." Mahimbo alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bado mawili."

"Hilo moja linanitosha." Akaenda zake.

Chini ya ghala la mpunga alikuwa amejibanza Nguchiro. Alikuja kutafuta mayai ya kuku. Aliyasikia maneno yote, akasahau mayai.

Siku nyingi Nguchiro alikuwa akiwatamani bukini. Wakishakula ndago siku chache walinenepa, na mafuta yao yalimtoa mate. Lakini hakuweza kuwakamata. Wakila wengi, mmoja husimama mlinzi, shingo juu. Nguchiro akijitokeza tu, mlinzi analia na wote wanaruka.

"Kumbe mwindaji anatumia sikio peke yake," Nguchiro akajiambia. "Basi nitampa sikio lake chakula." Akakimbia bwawani kwa njia ya mkato.

Mahimbo akafika. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele yake, majini, akaona umbo la ndege mkubwa. Akavuta upinde, akangoja kusikia.

Nguchiro, ndani ya matete, akapiga mluzi, "Fyuu, fyuu."

Mahimbo akaachia. Mshale ukaenda, ndege akalala.

Nguchiro akatoka matetini akipiga makofi. "Hongera, kaka Mahimbo. Umempata bata wa bwawa, tena mnono. Lakini nakuonea huruma, mtu mzima kama wewe kunyonyoa manyoya peke yako. Niachie mimi. Nitanyonyoa, nitakatakata, nitakufungia nyama kwenye jani. Nami unipe kichwa, mabawa, utumbo na mafuta yake, na miguu. Sitaki zaidi."

"Wewe ni ndugu," Mahimbo akasema, kwa sababu kunyonyoa kulimchosha. Akakaa akinoa mishale. Nguchiro akanyonyoa huku akiimba:

Nyonyoa, nyonyoa,
mwenye macho haoni,
mwenye meno anatafuna.

Jioni Sikujua akapika. Akaonja, akaonja tena. "Nyama ya leo ina mafuta sana. Miguu yake iko wapi?"

"Nimempa Nguchiro."

"Nguchiro ameanza lini kupenda miguu?"

Mahimbo akaongeza tonge. Mdomo ulikuwa umejaa.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Ukungu, umbo la ndege, fyuu, fyuu, na mshale ukaenda. Nguchiro akanyonyoa na kuimba:

Nyonyoa, nyonyoa,
mwenye macho haoni,
mwenye meno anatafuna.

Siku ya tatu ikawa vilevile. Ila siku ya tatu Nguchiro alikuwa ameshiba mno. Tumbo liligusa ardhi, macho yalikuwa mazito. Akafunga nyama kwenye jani, na mguu mmoja ukabaki ndani bila yeye kuona.

Sikujua alipofungua jani akauona. Akautoa, akauweka juu ya kinu palipokuwa na mwanga. Mguu ule ulikuwa na ngozi kati ya vidole, na rangi yake ilikuwa ya embe lililoiva.

"Mume wangu," akasema taratibu, "bata wa bwawa ana miguu myeusi. Huyu ni bukini. Umeua mgeni."

Mahimbo alisimama na kijiko mkononi. Akaanza kuhesabu moyoni. Leo, jana, juzi. Kijiko kikamtoka, naye akakaa chini.

Alifikiri kuutupa mguu ule motoni. Hakuna aliyemwona isipokuwa Nguchiro, na Nguchiro asingesema. Akamtazama mke wake. Sikujua alikuwa akifunika chungu ambacho hawakukigusa tena.

Mahimbo akauzungushia mguu ule jani la mgomba, akaenda nao kwa Jumbe Ngalipa, mkuu wa kijiji.

Alipofika akakuta wakulima wamejaa uani. "Jumbe wetu," walikuwa wakilalamika, "bukini wamejihesabu, wakaona wamepungua watatu. Wameacha mashamba nusu. Wamehamia kisiwani katikati ya bwawa, wanajiandaa kuondoka. Ndago imebaki tele."

Mahimbo akapita katikati yao, akalifungua jani mbele ya Jumbe. "Ni mimi," akasema. Akaeleza yote, tangu asubuhi alipokataa kumsikiliza mkewe.

Jumbe Ngalipa akautazama mguu, akamtazama Mahimbo.

"Tundika upinde wako hapa kwangu," akasema. "Kisha nenda kisiwani, ukawaambie wao kama ulivyoniambia mimi. Wakikubali kubaki, tutazungumza. Wakiondoka, mwaka huu ndago tutaing'oa kwa mikono, na wewe utaanza na shamba langu, ambalo ni kubwa."

Siku ya kwanza Mahimbo alivuka bwawa na kikapu cha mahindi. Bukini walipomwona wakaruka, wakatua upande wa pili wa kisiwa. Mahindi yakaliwa na panya.

Siku ya pili alisimama mbali, akapaza sauti. "Sikilizeni, wageni wetu. Kosa si langu, nilidanganywa na Nguchiro. Yeye ndiye aliyepiga mluzi." Bukini wakaruka tena, safari hii juu zaidi.

Usiku ule hakulala vizuri. Siku ya tatu akaenda mikono mitupu. Akasimama kwenye tope hadi magotini.

Kiongozi wa bukini alikuwa mama mmoja mwenye shingo ndefu na manyoya yaliyoanza kufifia. Mahimbo akamwinamia. "Shikamoo, Bibi Bukini."

"Marahaba."

"Mishale ilikuwa yangu. Niliambiwa mambo matatu, nikasikiliza moja, nikaenda mbio. Ndiyo maana wenzenu watatu hawapo."

"Wawili walikuwa wadogo zangu," Bibi Bukini akasema. "Wa tatu alikuwa binti yangu. Ilikuwa safari yake ya kwanza."

"Sina la kusema," Mahimbo akasema.

"Afadhali. Juzi ulikuja na mahindi, jana ulikuja na maneno. Leo umekuja na wewe mwenyewe, kwa hiyo leo nakusikiliza." Akawatazama wenzake waliochoka. "Hatujashiba, na safari yetu bado ndefu. Tunahitaji siku tatu zaidi za kula. Nguchiro ameonja mafuta yetu, hawezi kutuacha. Utatulinda siku hizo tatu, na upinde wako mkononi. Lakini ukimpiga mmoja wetu tena, hata kwa bahati mbaya, hutatuona, wala wajukuu zako hawatatuona."

Mahimbo akarudi nyumbani. Hakwenda kwanza kuchukua upinde. Alikwenda kwa mkewe.

"Mke wangu, yale mawili yaliyobaki."

"Kaa kitako," Sikujua akasema.

Akakaa. Sikujua akampa uji wa moto, naye akaushika tu mkononi.

"La pili ni jicho," Sikujua akasema. "Usiangalie ndege mmoja, angalia walivyokaa pamoja. Bukini wanaruka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, umepinda kama mundu. Hata wakitembea shambani wanafuatana. Bata wa bwawa wanatawanyika, kila mmoja na lake, kama watoto waliofunguliwa mlango."

"Na la tatu?"

"La tatu ni mguu. Sauti inaigwa. Mstari, mtu anaweza kuuingia. Mguu haudanganyi. Lakini mguu unajificha majini na kwenye tope, kwa hiyo ukiutaka lazima usubiri."

Wakapanda dunguni wote wawili. Kutwa nzima ndege walipita, Sikujua akauliza, Mahimbo akajibu. Alikosea asubuhi. Alikosea mchana. Jioni hakukosea tena, na uji wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungini.

Jumbe Ngalipa akamrudishia Mahimbo upinde wake, akampa na mshale. "Mmoja tu," akasema. "Ukiwa nao mmoja utaufikiria."

Bukini wakarudi mashambani, wakaanza kula. Mahimbo akasimama ukingoni, na wanakijiji wakaja kutazama.

Siku ya kwanza kundi kubwa likapita juu ya kichwa chake. Upinde ukainuka wenyewe, mkono ulikuwa na mazoea. Akasikiliza. Fyuu, fyuu. Akatazama. Wametawanyika. Akangoja mpaka wakanyoosha miguu kutua. Myeusi. Ni bata wa bwawa. Akaushusha upinde, maana kazi yake siku hiyo ilikuwa kulinda.

Siku ya pili, kutoka matetini, akasikia, "Fyuu, fyuu." Mbele yake palikuwa na umbo la ndege peke yake ndani ya ukungu. Mluzi ukarudiwa, tena kwa bidii. Mahimbo hakuvuta uzi. Umbo likageuka, likapanda kwenye nyasi, na miguu yake ilikuwa ya rangi ya embe.

"Leo huna bahati," Mahimbo akayaambia matete. Matete yakatikisika, yakanyamaza.

Nguchiro akarudi shimoni na njaa yake. Sasa mlijue jambo hili. Yale manyoya ya bukini watatu hakuyatupa, aliyatandika alalie. Akayachukua, akajipaka utomvu wa mkuyu mwili mzima, akayabandika moja moja. Akachukua bawa zuri zaidi kati ya yale aliyopewa, akalifunga mgongoni. Akajitazama kwenye maji, akajipenda.

Siku ya tatu, asubuhi, ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Bukini walikuwa wakivuka shamba kwa mstari wao. Nguchiro akatoka matetini polepole, akajiunga mkiani. Mbele yake alikuwa bukini mdogo aliyelemewa na shibe.

Mahimbo akauona mkia wa mstari umeongezeka. Akauvuta upinde.

Kwanza akasikiliza. Yule wa mwisho akaita, "Ngaa, ngaa." Sauti ya bukini.

Kisha akatazama. Yumo mstarini, anafuatana na wenzake. Tabia ya bukini.

"Piga," mtu mmoja akanong'ona nyuma yake. "Yule wa mwisho hatembei vizuri."

"Usipige," mwingine akanong'ona. "Labda ni mgonjwa. Ukiua tena tumekwisha."

Jasho lilimtiririka Mahimbo hadi kidevuni. Akipiga, na yule ni bukini, Mateteni haitawaona wageni wake milele. Asipopiga, na yule si bukini, yule mdogo ataliwa mbele ya macho yake. Yule wa mwisho alikuwa amebakiza hatua nne. Akabakiza tatu. Miguu yao wote ilikuwa imezama kwenye tope, haionekani.

Mbele ya mstari palikuwa na gogo lililoanguka. Mahimbo akaamua kusubiri hapo.

Bibi Bukini akapanda gogo. Miguu miwili, rangi ya embe. Wa pili akapanda. Miguu miwili. Wa tatu, wa nne, wa tano, miwili, miwili, miwili. Yule mdogo akapanda kwa taabu. Miguu miwili.

Wa mwisho akapanda.

Jamani, bukini ana miguu mingapi?

Miwili.

Huyu alikuwa na minne, tena myeusi, tena ina kucha.

Mahimbo akaachia. Mshale ukapita katikati ya manyoya, ukaligonga lile bawa la mgongoni na kulipigilia kwenye gogo. Nguchiro akavuta mbele, bawa likamvuta nyuma. Akajinyonganyonga, utomvu ukaachia, akachomoka humo uchi wa manyoya, amebaki na madoamadoa ya gundi mwilini.

"Ngaa," akaita, akidhani bado hajajulikana.

Bukini wote wakamgeukia. Wengine walimpiga kwa mabawa, wengine walimdonoa makalioni, na wengine walimrukia kwa juu. Alikimbia akizunguka shamba zima, watu wakicheka hadi wakakaa kwenye tope. Jumbe Ngalipa mwenyewe alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Nguchiro akapata shimo la mchwa, akajitumbukiza.

Tangu siku hiyo, Nguchiro hutoka shimoni kwa wasiwasi. Husimama kwa miguu ya nyuma, akaangaza huku na huku, halafu akatazama juu. Kivuli cha ndege kikipita tu, ameshazama ndani.

Bukini wakala siku ile yote na siku mbili nyingine juu yake, kwa kupenda kwao. Ndago ikaisha. Bibi Bukini akamwambia Mahimbo, "Binti yangu siwezi kumsahau. Lakini nimeona mtu akisubiri mguu huku watu wanamnong'oneza. Mwaka ujao tutatua hapa." Wakaruka kwa mstari wao, umepinda kama mundu, na Mahimbo akawatazama mpaka wakawa wadogo kama mbegu.

Mateteni wakasia mpunga. Na kuanzia vuli iliyofuata, Jumbe Ngalipa aliongeza neno kwenye sheria. Hakuna mwindaji atakayeshika upinde mpaka akae dunguni na Sikujua, amalize mambo yote matatu. Wa kwanza kukaa kila mwaka alikuwa Mahimbo, ingawa alikwishayajua, na vijana wakiinuka baada ya jambo la kwanza, yeye ndiye aliyewashika shati na kuwaketisha.

Funzo lake ni hili. Anayekufundisha, msikilize mpaka amalize, kwa maana nusu ya elimu inaweza kuua kama mshale. Na kabla ya kumhukumu yeyote, msikilize, mtazame, kisha subiri uone anasimama kwa miguu gani.

Ngano yangu naitua hapa, kama ndege aliyefika. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia aulize jirani yake.